Mama anatua Heathrow peke yake: abadilishie treni wapi?

"Mama yangu ana miaka 68 na anakuja kunitembelea London kwa mara ya kwanza, kutoka Tanga. Ndege yake inatua Heathrow, Terminal 4, Jumatano saa nne asubuhi. Siku hiyo niko zamu. Nimeomba ruhusa nikanyimwa. Naishi karibu na stesheni ya Tottenham Hale. Simu inanionyesha apande treni ya bluu hadi Green Park, kisha abadilishe. Mdogo wangu aliyewahi kuishi hapa anasema Green Park ni kutembea mpaka uchoke, bora King's Cross. Mama goti la kulia linamsumbua, na atakuwa na begi kubwa la magurudumu na mfuko wa mkononi. Kiingereza anaokoteza. Treni amepanda ile ya SGR mara moja, Dar kwenda Dodoma. Nilimtumia ramani ya andagraundi kwa WhatsApp, akanijibu: 'Mwanangu, hii ni ramani au mishipa?' Anaogopa mambo matatu: kukosa hewa huko chini, kupanda treni isiyo yake akapelekwa asikokujua, na kudaiwa nauli mara mbili. Mimi naogopa pale pa kubadilisha. Je, ataweza peke yake, au nimtafutie teksi?"

Dada yangu, kwanza mfikishie Mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba swali lake la mishipa ni swali la mtu anayeona. Ile kweli si ramani. Nitarudi hapo, maana ndipo wewe na simu yako mlipopotezwa.

Nimefanya kazi kwenye vituo vya chini ya ardhi hapa London kwa miaka kumi na minne, mageti na majukwaa, kazi yangu kubwa ikiwa kuelekeza watu. Kwa mama anayetembea japo kwa kuchechemea, na kwa saa hiyo ya ndege, jibu langu ni kwamba ataweza. Ila asibadilishie Green Park, wala King's Cross. Akae kwenye treni ileile ya bluu mpaka Finsbury Park. Hapo atashuka, atavuka kwa hatua chache upande wa pili, sakafu ikiwa sawasawa bila ngazi hata moja, na treni ya njia ya Victoria itamkuta hapohapo. Tottenham Hale ni kituo cha pili kutoka hapo, na kina lifti ya kumtoa juu.

Najua kwenye ramani Finsbury Park inaonekana kama kuzunguka. Green Park iko karibu zaidi na Heathrow, kwa hiyo akili inakwambia ukibadilisha mapema umeokoa muda. Simu nayo inahesabu dakika, na pengine itakuonyesha zinapungua mbili tatu. Lakini kituo cha kubadilishia treni usikipime kwa dakika. Kipime kwa hatua za miguu, na kwa mara ngapi mtu atalazimika kusimama na kuamua: kushoto au kulia, juu au chini? Mgeni hapotei akiwa ameketi ndani ya treni. Hupotea kwenye korido, pale njia inapogawanyika na watu nyuma yake wana haraka.

Sasa hiyo ramani. Mchoro mnaouona ulitokana na rasimu ya Harry Beck ya mwaka 1931, ukachapishwa kwa abiria mwaka 1933. Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi, na aliona jambo moja ambalo wengine hawakuliona: abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali wala mitaa iliyo juu yake. Anachotaka ni mfuatano wa vituo na mahali pa kubadilishia. Akanyoosha njia zote, akaacha nafasi zinazokaribia kulingana kati ya kituo na kituo, akafuta karibu kila kitu cha juu isipokuwa mto Thames. Ni kazi nzuri sana na mpaka leo inawafaa mamilioni ya watu. Lakini inaficha mambo. Leicester Square na Covent Garden zimeachana kwa mita 260 hivi tu, mwendo wa dakika chache kwa miguu ukipitia juu, lakini ukitazama mchoro unadhani ni safari.

Na inaficha zaidi kwenye ule mviringo mweupe unaoonyesha pa kubadilishia. Mviringo ni uleule pale unapovuka jukwaa kwa hatua kumi na pale unapotembea korido baada ya korido. Bank na Monument, kwa mfano, ni vituo viwili vilivyounganishwa kwa njia ya chini tangu 1933. Kwenye mchoro ni kama pua na mdomo, miguuni ni habari nyingine kabisa. Mama alipoona mishipa aliona sawa: mchoro unaonyesha nini kimeungana na nini. Kuhusu safari ya kutoka hiki kwenda kile, hauna neno.

Kwa nini Green Park iko vile? Si uzembe wa mtu. Njia hizi hazikujengwa na mkono mmoja. Njia ya Piccadilly, hiyo ya bluu iliyokolea, ilifunguliwa mwaka 1906, na kituo kile wakati huo kiliitwa Dover Street. Njia ya Victoria ilifika hapo mwaka 1969, na ya Jubilee mwaka 1979. Kila mchimbaji aliyekuja alikuta udongo umeshatobolewa, akalazimika kupita chini zaidi au pembeni zaidi, kisha akaunganisha shimo lake na la mwenzake kwa korido na ngazi za umeme. King's Cross ni hadithi hiyohiyo, tena ndefu zaidi: kituo cha kwanza cha chini ya ardhi kilifunguliwa pale mwaka 1863, na leo zinakutana njia sita. Mdogo wako ana haki kwamba King's Cross ni nafuu kuliko Green Park kwa mabadilisho haya, na lifti zipo. Tatizo ni wingi wa watu na wingi wa mishale. Mtu ametoka kwenye ndege ya usiku, begi mkononi, goti linauma. Usimpe mishale sita achague mmoja.

Finsbury Park ni tofauti kwa sababu pale watu walikaa wakafikiri kabla ya kujenga. Walipokuwa wakiandaa njia ya Victoria miaka ya 1960, walichukua mahandaki ya reli nyingine ya zamani iliyokuwa inaishia pale, wakazipanga upya njia mbili hizi ili treni zinazoelekea upande mmoja zisimame ubavu kwa ubavu, ukumbi mdogo ukiwa katikati. Sehemu ya kwanza ya Victoria ilifunguliwa Septemba 1968, na kurahisisha kubadilisha treni lilikuwa lengo lao tangu mwanzo. Ukienda Oxford Circus, Stockwell au Euston utakuta wamefanya vivyo hivyo. Tahadhari ya Euston tu: pale kwenye ubavu mmoja Victoria inaenda kaskazini na njia nyingine, iitwayo Northern, inaenda kusini, na wenyeji kabisa huwa inawachanganya. Haimhusu Mama, lakini wewe unayeishi hapa siku moja itakufaa.

Nikwambie kwa nini nalishikilia hili la korido. Miaka ya nyuma, kwenye kituo kimoja cha katikati ya jiji, nilikuwa namalizia zamu nikasikia mtu anasema polepole, "Ya Rabbi, nimepita hapa." Niligeuka kama nimeitwa jina. Alikuwa bibi wa makamo ya Mama yako, kanga amejitanda juu ya koti, begi ameliegemeza ukutani, na mkononi kikaratasi kilichoandikwa jina la kituo anachokwenda. Alikuwa amezunguka korido ileile mara tatu. Kila aliyemuuliza alimwonyesha kwa kidole, haraka, kwa nia njema kabisa, na kila kidole kilimfikisha kwenye njia panda nyingine. Kikaratasi chake kilisema aendako. Hakikusema afanye nini kwenye njia panda. Nilimshika mkono tukaenda pamoja. Haikuwa zaidi ya dakika nne. Tangu siku hiyo, nikiulizwa na mtu anayempokea mgeni, naanzia kwenye njia panda, mengine baadaye.

Basi tupite safari yenyewe, umsimulie Mama kama ilivyo.

Kituo cha andagraundi cha Terminal 4 kina jukwaa moja tu. Hapo hakuna namna ya kukosea, kila treni inayosimama inaelekea mjini. Ikikaa dakika kadhaa milango ikiwa wazi asiwe na wasiwasi, ndiyo kawaida ya pale. Aingie, akae karibu na mlango, begi aliweke mbele ya magoti alishike. Hili mweleze mapema, kwa kuwa amezoea SGR: huku tiketi haina namba ya behewa wala ya kiti. Anakaa popote penye nafasi, na asipopata, watu wengi humpisha mtu mzima bila kuombwa. Kuna viti karibu na milango vilivyotengwa kwa wazee na wasiojiweza. Hivyo ni vyake kwa haki.

Akishatoka kwenye mahandaki ya uwanja wa ndege, kwa muda mrefu hatakuwa chini ya ardhi. Kutoka Hounslow mpaka Barons Court treni inapita juu, ataona nyumba za matofali, bustani na nguo kwenye kamba. Nalitaja kwa sababu watu wengi hudhani wameshapotea wanapoona mwanga. Kisha itazama handakini, na hapo aanze kusikiliza. Ndani ya treni kuna sauti inayotaja kila kituo na maandishi yanayopita juu. Akishasikia King's Cross, ahesabu vituo vinne: Caledonian Road, Holloway Road, Arsenal, halafu Finsbury Park. Hapo kwenye Arsenal ndipo pa kumwekea alama. Sijakutana na mama wa Tanga ambaye nyumbani kwake hakuna mtu anayeumwa au kupona kwa ajili ya Arsenal. Kituo hicho zamani kiliitwa Gillespie Road, kikabadilishwa jina mwaka 1932 kufuata klabu, na jina limebaki hata baada ya timu kuhamia uwanja mpya mwaka 2006. Mwambie hivi: "Ukisikia Arsenal, vaa mkoba, shika begi, kinachofuata ndicho." Safari nzima mpaka hapo ni saa moja na ushee, kwa hiyo hata akisinzia kidogo mwanzoni si neno.

Akishuka Finsbury Park, asifuate watu. Hili lirudie mara mbili. Wengi wanaoshuka pale wanatoka nje, na mkondo wa watu humvuta mgeni. Bango lenye maneno "Way out" ni la kutokea, halimhusu. Yeye atafute rangi: bluu mpauko, rangi ya anga, na neno Victoria. Iko upande wa pili wa pale aliposhukia. Asimame, apumue, aache umati upungue. Treni za Victoria hupishana kwa dakika chache tu, hakuna ya kukimbilia. Kwenye ubao wa jukwaani na kwenye uso wa treni kutakuwa na jina la mwisho wa safari. Anataka iliyoandikwa Walthamstow Central. Baadhi ya treni huishia Seven Sisters, kituo kimoja kabla ya chake. Akiiona hiyo aiache ipite, itakuja nyingine. Kutoka Finsbury Park ni Seven Sisters, kisha Tottenham Hale. Viwili tu.

Milango ya treni hujifungua yenyewe. Inapolia kengele ya kufunga, asijaribu kuingiza mkono wala begi kwa kudhani itamwachia kama mlango wa lifti. Haina huruma hiyo. Na kwenye ngazi za umeme, ikibidi apite, watu husimama upande wa kulia ili wenye haraka wapite kushoto. Lakini kwa goti na begi lile, atumie lifti kila inapopatikana. Mizigo mikubwa kwenye ngazi za umeme ndiyo inayowaangusha watu. Nimeinua wengi mno kusema vinginevyo.

Sasa nirudi kwenye hofu zake tatu.

Nauli kwanza, maana ni rahisi. Hadaiwi mara mbili. Ni kama mtu anavyoshuka mwendokasi moja na kudandia nyingine bila kutoka nje ya kituo. Anagusisha kadi mara moja pale Terminal 4 kwenye kisomeo cha njano, na mara ya pili Tottenham Hale anapotoka. Katikati hapo hapana geti wala mtu wa kumuuliza. Mfumo unatazama ulipoingilia na ulipotokea, basi. Kosa linaloumiza watu ni kupita bila kugusisha mwishoni, kwa mfano geti likiwa limeachwa wazi: hapo hukatwa nauli ya juu kabisa, kwa kuwa mashine haijui uliishia wapi. Kosa la pili ni watu wawili kutumia kadi moja. Kila mtu mzima ana yake. Na kosa la tatu, ambalo wenyeji hulifanya sana, ni kuingilia na kadi ya benki ya plastiki na kutokea na simu iliyobeba kadi ileile. Mashine inaziona ni kadi mbili. Kwa Mama, nashauri kadi ya Oyster, kadi ya nauli inayowekwa pesa kabla. Ukimpata mtu anayekwenda Tanga kabla yake, mtumie kadi ikiwa imeshawekwa pesa, afike nayo mfukoni. Ukikosa mtu, atainunua kwenye mashine pale pale Terminal 4, na mfanyakazi atamsaidia. Kadi ya benki ya nyumbani yenye alama ya kugusisha mara nyingi hukubali, lakini benki inaweza kuongeza makato yake, na sitaki jambo hilo liwe la kugundulia getini.

Kupanda treni isiyo yake. Hapa ndipo penye hofu kubwa na hatari ndogo. Akigundua amekosea, ashuke kituo kinachofuata, asitoke nje, aende jukwaa la upande wa kurudi, apande kurudi alikotoka. Kadi haitamwadhibu kwa kosa la kawaida kama hilo. Hata akipitiliza Finsbury Park kwa kusinzia, ni vituo vichache tu vya kurudi. Na akipitiliza Tottenham Hale, njia inaishia vituo viwili mbele, Walthamstow Central, ambako kila mtu anashushwa. Hakuna treni ya njia hizi mbili itakayompeleka mji mwingine. Hilo litamtuliza kuliko ramani yoyote.

Hewa. Ipo ya kutosha, na ataihisi kabla ya kuiona treni. Handaki la njia hizi za chini kabisa ni jembamba, treni imelijaza karibu lote, kwa hiyo inapokuja inasukuma hewa mbele yake kama mtu anayesukuma mpini wa pampu ya baiskeli. Upepo unaanza kupepea pindo la kanga, halafu mlio, halafu taa. Kinachokosekana huko chini ni ubaridi. Mahandaki yamechimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, na udongo huo umekunywa joto la treni, breki na watu kwa zaidi ya miaka mia. Sasa hauna tena pa kulipeleka. Treni za Piccadilly na Victoria anazopanda hazina kiyoyozi. Kwa hiyo hata kama huku juu ni baridi kali na umemwambia avae masweta, afungue vifungo vya koti akishaketi, na awe na chupa ya maji. Wengi wanaosema wamekosa hewa chini huwa wamejifunika kupita kiasi. Akihisi kizunguzungu, asivumilie mpaka aanguke: ashuke kituo kinachofuata, aketi kwenye benchi la jukwaani, amwite mfanyakazi. Kwenye jukwaa anasaidiwa haraka kuliko ndani ya handaki.

Huenda akasikia pia habari za moto, kwa sababu kila anayesafiri kuna jirani wa kumtisha. Ni kweli ulitokea: King's Cross, tarehe 18 Novemba 1987, watu 31 walikufa. Ngazi za umeme wakati ule zilikuwa za mbao, uchafu na grisi vimejazana chini yake, na kiberiti kilichodondoshwa kikatosha. Naheshimu sana siku hiyo, kwa sababu mengi tunayofanya kazini yalizaliwa nayo: mafunzo tunayopewa, ukali wetu kuhusu sigara, kuondolewa kwa mbao. Mama hatapanda ngazi ya mbao popote kwenye andagraundi ya leo.

Njia nyingine zipo, na sitaki nikufiche. Kutoka Terminal 4 anaweza pia kupanda Elizabeth, njia ya zambarau iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 2022. Ni ya kasi, ina kiyoyozi, ina nafasi, na kwa anayekwenda mashariki ya jiji ningeichagua bila kufikiri. Lakini nauli yake kutoka Heathrow ni kubwa zaidi, na haikutani na Victoria popote katikati ya mji. Mama angelazimika kwenda mpaka Liverpool Street, atembee, atoke kwenye mageti, kisha atafute treni ya juu ya kwenda Tottenham Hale kwenye ukumbi mkubwa wenye ubao wa treni kadhaa. Tunarudi kulekule kwenye njia panda.

Teksi nitakwambia lini. Ndege ikichelewa ikatua usiku wa manane, mtafutie teksi. Hata Ijumaa na Jumamosi, ambapo Piccadilly inapita usiku kucha, haifiki Terminal 4. Akiwa na mabegi mawili makubwa badala ya moja, teksi. Na kama goti limefika mahali pa kwamba hawezi kusimama dakika kumi, au ana moyo au pumu isiyotulia, basi hilo si la kuniuliza mimi wa mageti: amwone daktari wake kule Tanga kabla ya kupanda hata hiyo ndege. Baada ya safari ndefu, mguu mmoja ukivimba na kuuma au kifua kikibana, asipande treni kabisa, aombe msaada pale pale uwanjani.

Kwa hali ulizoeleza, kuna jambo moja ningelifanya leo hii. Lipigie simu shirika la ndege uombe msaada wa kiti cha magurudumu. Unatakiwa kutoa taarifa angalau saa 48 kabla, na hautozwi kitu. Usione haya, wala Mama asione kwamba amefanywa mgonjwa. Atavushwa foleni ndefu na korido za uwanjani na mtu anayeijua njia, goti litakuwa limepumzika atakapofika kwenye treni. Halafu pale kituoni Terminal 4 amwendee mfanyakazi yeyote mwenye sare na aombe msaada mpaka Tottenham Hale. Huduma hii ipo kwenye vituo vyote vya andagraundi, haihitaji kuandikishwa kabla. Tunampandisha, tunamjua yuko behewa la ngapi, tunapiga simu mbele, na mwenzetu anamngoja Finsbury Park mlango unapofunguka. Watu wetu hawaitumii kwa sababu wanadhani ni ya wenye viti vya magurudumu pekee. Si hivyo. Mimi mwenyewe nimevusha wajawazito, wasioona vizuri, wageni waliochanganyikiwa, na wazee waliotaka tu mtu wa kutembea nao.

Usimpigie simu kila baada ya dakika tano. Mtandao chini upo sehemu na sehemu haupo, na simu ikikatika ghafla utaingiwa na hofu isiyo na sababu, naye vilevile akiona umepiga mara tisa. Kubalianeni mara mbili tu: akiingia kwenye treni Terminal 4, na akitoka juu Tottenham Hale. Kama kuna jirani au rafiki anayeweza kusimama pale nje ya mageti, mtumie Mama picha ya mtu huyo leo.

Na kikaratasi kile, kiandike kwa mkono wako, herufi kubwa, kwenye kadi ngumu isiyokunjika. Upande mmoja Kiswahili, wa Mama: "Treni ya bluu, Terminal 4. Kaa. King's Cross, hesabu vinne. Arsenal, jiandae. Finsbury Park, shuka, usifuate watu. Vuka upande wa pili, rangi ya anga, Victoria, Walthamstow Central. Kituo cha pili, Tottenham Hale. Lifti." Upande wa pili Kiingereza, wa kumwonyesha mfanyakazi: "Please help me change to the Victoria line at Finsbury Park for Tottenham Hale." Chini yake namba yako ya simu. Aitie kwenye mfuko wa koti, si ndani ya begi.